Kapu la Majibu Yaliyokataliwa

Kaptula ilikuwa juu ya meza ya Mkuu wa Kituo, imetandazwa kwenye gazeti la jana, na kila mtu chumbani aliikodolea macho kana kwamba muda wowote itaanza kukiri yenyewe.

"Hii hapa," alisema Sajini. Kifua kilikuwa kimemvimba kwa furaha. "Kaptula na taulo, mbichi zote mbili, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya buti la gari la mkwe wa mzee aliyepotea. Gari jeupe. Jirani kamwona mzee akipanda gari jeupe jana asubuhi. Mzee haonekani, mkwe ana nguo zilizolowa. Afande, hapa tunamalizia tu. Twende mtoni tukautafute mwili."

Mwanamke aliyeitwa afande alikuwa bado anaikagua kaptula. Jina lake halisi lilikuwa limekwisha kusahaulika kituoni, hata kwenye bahasha ya likizo walimwandikia Bi Kwanini, na yeye akaipokea bila kugomba. Aliinama juu ya meza, akaisogeza pua yake kwenye ile kaptula, akavuta pumzi.

Sajini akarudi nyuma. "Afande! Hiyo ni nguo ya mwilini ya mtuhumiwa!"

"Wewe ulipoikuta, uliinusa?"

"Kwa nini niinuse?"

"Kwa nini usiinuse?" Akaisukuma kuelekea kwake. "Hebu. Usiogope, haiumi."

Sajini akanusa kwa shingo upande, macho ameyafumba. Kisha akayafumbua. "Inanuka... kama choo kilichosafishwa."

"Dawa. Mto gani unatiwa dawa, Sajini?"

Mkuu wa Kituo, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshaipanga taarifa nzima kichwani, alishusha pumzi kama tairi lililochomwa msumari.

Chumba cha mahabusu kilijaa wanaume na jasho lao. Mkwe alikuwa amekaa pembeni, jitu la mabega mapana, ndevu nzito, fundi magari ambaye mikono yake ilitosha kung'oa mlango. Jana alisema alikuwa gereji. Gereji wakasema hawakumwona mpaka mchana. Tangu hapo alikuwa hasemi tena, na hilo ndilo lililomtia ndani. Bi Kwanini alimwita kwenye nondo, akamsogelea sikioni.

"Bwawa gani?"

Jitu likatazama miguu yake.

"Nimeuliza bwawa gani, mwanangu. Baba mkwe wako kapotea, vidonge vyake vya presha viko nyumbani juu ya meza, na mimi napoteza mchana kwa ajili ya kaptula yako."

"La ile shule karibu na gereji," alinong'ona. "Najifunza kuogelea."

"Sasa hilo ni la kuficha?"

"Afande, darasa la watu wazima limejaa. Nimewekwa na watoto." Akashusha sauti zaidi. "Mwalimu ananipa boya. Lina kichwa cha bata."

"Kwa nini hukusema jana?"

Mkwe aliwageukia wenzake nyuma yake, midomo iliyokosa meno, vifua vyenye michoro, kisha akamtazama Bi Kwanini kwa macho ya kuomba huruma. "Nilitamke humu? Afande, humu ndani wameambiwa mimi ni muuaji, wananiachia godoro. Nikisema bata, nitalala chooni."

Mwalimu wa kuogelea alithibitisha kwa simu, akaongeza kwamba mwanafunzi wake ana moyo ila anazama kama jiwe la kusagia. Mkuu wa Kituo alisikiliza, akaifunga kaptula ndani ya gazeti.

"Bi Kwanini, umenibomolea kesi kwa pua. Sasa nijengee nyingine. Huyu hatoki mpaka mzee aonekane, maana jirani kaona gari jeupe na mwalimu wa watoto si malaika."

*

Nyumbani, binti wa mzee, mke wa mkwe aliyeko mahabusu, alikuwa amekaa nyuma ya cherehani asichoshonea. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, ila leo ulimi ulikuwa umelala. Mbele ya kiti cha baba yake runinga ilikuwa inawaka, filamu ya zamani, sauti ya chini.

"Sikuizima," alisema. "Nikiizima nitaona kama nimemzima na yeye."

Bi Kwanini alizunguka chumba taratibu. Kiti kilichobonyea katikati. Vidonge. Mlango uliofunguliwa kwa ndani, bila kuvunjwa. Mzee Waya, ndivyo alivyojulikana, alikuwa opereta wa simu maisha yake yote, kwenye swichibodi ya ofisi kubwa, enzi ambazo mtu hakupata mtu mpaka opereta achomeke waya. Siku hizi kumbukumbu ilikuwa inamchezea. Kuna asubuhi alimtambua bintiye, na kuna asubuhi alimuuliza kwa heshima zote anataka kuzungumza na nani.

"Simu anayo?"

"Hana. Tulimwondolea. Alikuwa anapokea simu za watu wasiomjua, wanaongea mpaka salio la mwenzake linakwisha."

"Alivaa nini?"

"Koti lake la kazini. Na tai."

Bi Kwanini alisimama. "Kwa nini tai?"

"Hata mimi nimejiuliza."

"Mtu akienda kunyoosha miguu havai tai," alisema Bi Kwanini. "Huyu alikuwa anaenda kazini."

Sajini akatikisa kichwa. "Tumeshafika ilipokuwa ofisi yake, Afande. Ilivunjwa zamani. Ni uwanja wa kuegesha magari. Mlinzi hajamwona."

Ndipo filamu ikakatika. Skrini ikawa ya buluu laini, godoro jeupe likielea kama wingu, na sauti ya mwanamke, tamu, ya karibu, ikasema: "Habari yako! Umelalaje jana? Sema *vizuri* au *vibaya*."

"Salama, mama," Sajini alijibu hata kabla hajafikiri. "Nashukuru, ila mgongo kidogo unanisumbua."

"Samahani, sijakuelewa," ilisema runinga. "Umelalaje jana? Sema *vizuri* au *vibaya*."

Sajini akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Inanisikia!"

"Nasema mgongo!" akaiambia tena, sasa kwa sauti ya juu, kama watu wanavyoongea na wageni.

"Samahani, sijakuelewa. Karibu dukani kwetu, mkabala na soko jipya, tukuhudumie."

Sindano alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichochoka, lakini kilikuwa cha kwanza tangu jana. "Ndiyo matangazo ya siku hizi hayo. Ukilijibu neno lake linakuonyesha vitu zaidi, au linakutumia ujumbe. Baba anaongea nalo asubuhi nzima. Nikimwambia Baba, hicho ni chombo, ananiambia, mtu akikujulia hali utamnyamazia?"

Bi Kwanini alikuwa ameshaikaribia runinga, anaichungulia pembeni kama daktari anayetafuta sikio. "Kama linamwambia halikuelewa, basi limesikia. Kwa nini linasikia jambo lisilolitaka? Na likisikia, linapeleka wapi?"

Akamgeukia Sindano.

"Akaunti ya runinga hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Vaa viatu, mwanangu. Na uchukue vile vidonge."

*

Kampuni ya matangazo ilikuwa na viti vya rangi za pipi na Meneja aliyevaa raba nyeupe zisizojua vumbi. Aliwapokea kwa mikono miwili na hotuba moja.

"Zamani tangazo lilikuwa linampigia mtazamaji kelele, yeye anakwenda jikoni. Sisi tumempa mdomo. Anajibu, anachagua, anacheka. Si mtazamaji tena, ni mshiriki! Watu wanalisubiri tangazo kuliko filamu."

"Hongera sana," alisema Bi Kwanini. "Jana asubuhi nyumbani kwa huyu dada, kuna aliyeshiriki?"

Mhandisi wa sauti, msichana mwenye hedifoni shingoni, aliingiza akaunti ya Sindano kwenye kompyuta. Akatikisa kichwa. "Hakuna jibu hata moja."

Mabega ya Sindano yakaporomoka. Sajini akaanza kuvaa kofia yake.

"Hakuna jibu," Bi Kwanini alirudia, "au hakuna jibu mnalolitaka? Sajini wangu leo amelijibu tangazo lenu kwa adabu, akaambiwa halijaelewa. Jibu lake liko wapi?"

Mhandisi akamtazama Meneja. Meneja akatazama dari.

"Kuna kapu," alisema Mhandisi.

"Si kapu hasa," Meneja aliwahi. "Ni sehemu ya muda tu. Majibu yasiyo kwenye orodha yanakaa siku chache, kisha mtambo unayafuta. Hatuyasikilizi! Ni takataka. Na kisheria, mama, ni jambo... lina mazungumzo yake."

"Tena marefu," alisema Bi Kwanini kwa upole uliomfanya Meneja ajishike kola. "Hayo mazungumzo tutayafanya, mimi na wewe, na mwanasheria wako aje na maji ya kunywa. Ila leo mwenye akaunti yuko hapa, na anaomba sauti ya baba yake. Unamnyima?"

Meneja aliutazama uso wa Sindano. Kisha akavuta kiti, akampisha akae mbele ya spika. "Fungua," alimwambia Mhandisi.

Sauti ya tangazo ilitoka kwanza, tamu kama ile ya nyumbani. *Habari yako! Umelalaje jana?*

Kisha ya mzee, nzito, iliyonyooka, sauti ya mtu aliyelipwa maisha yake yote kwa kusikika vizuri.

"Nimelala salama, mama, isipokuwa goti. Na wewe je?"

*Samahani, sijakuelewa. Umelalaje jana?*

"Nimesema salama. Unanipata? Haloo?"

*Samahani, sijakuelewa.*

"Pole sana. Unaongea kutoka wapi, mama?"

*Karibu dukani kwetu, mkabala na soko jipya, tukuhudumie.*

Sindano alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mhandisi akafungua jibu lililofuata, la dakika chache baadaye, tangazo lilipojirudia. Safari hii mzee alikuwa na wasiwasi.

"Ni wewe tena? Bado hunisikii? Mama, sikiliza. Mimi nakupata vizuri, wewe hunipati. Laini yako imekufa upande mmoja. Usikate. Mtu asikuambie ukate. Mkabala na soko jipya, siyo? Nakuja mwenyewe."

Baada ya hapo kulisikika kiti kikilia, mlango wa kabati, na muziki wa filamu ukiendelea peke yake.

Meneja alikuwa ameinamisha kichwa. Sajini alikuwa anachunguza kofia yake kwa bidii kubwa.

"Ndivyo alivyokuwa," Sindano alisema, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Laini ikifa upande mmoja, wenzake walikuwa wanamwambia mteja apige kesho. Yeye alikuwa hawezi. Alikuwa anavaa koti, anakwenda hadi alipo mteja, anagonga mlango: samahani, mimi ni yule wa swichibodi, nimekuja kuiangalia simu yako. Mama yangu alimpata hivyo. Alikuja kukagua waya, akakagua na mwenye waya."

Bi Kwanini alikuwa ameshamnyooshea Mhandisi kidole. "Nipigie hilo duka la magodoro."

Muuzaji alikumbuka bila kuhimizwa. Mzee mwenye tai, ndiyo, aliletwa na teksi nyeupe. Alimuulizia mama ambaye simu yake haisikii. "Tukamwambia mama huyo hayuko hapa, ni sauti tu ya tangazo," alisema muuzaji. "Akatushukuru. Akasema basi atapita nyumba kwa nyumba, maana lazima waya umekatika karibu. Tukadhani ni utani, Afande."

"Alielekea wapi?"

"Nyuma ya soko. Kwenye makazi."

Simu ikawekwa. Makazi ya nyuma ya soko yalikuwa vichochoro vitupu, milango isiyo na hesabu. Sajini alianza kupiga mahesabu ya askari wangapi na siku ngapi, akaishia kukuna kisogo. Vidonge vilikuwa mkononi mwa Sindano.

Bi Kwanini alimgeukia Mhandisi. "Binti, haya matangazo yenu, mnaweza kuchagua nani aone?"

"Kwa mtaa. Hata kwa nyumba chache."

"Kwa nini basi mimi nipite nyumba kwa nyumba kwa miguu, wakati wewe unaweza kupita kwa mara moja?"

Mhandisi akaelewa kabla hajamaliza. Meneja naye akaelewa, akaanza kujikunyata. "Ila nafasi ya mchana ni ya mwenye magodoro, mama. Imeshalipiwa."

"Mpigie. Mwambie tangazo lake limemtoa mzee wa watu nyumbani na tai shingoni, aende kumwokoa mwanamke wa kwenye tangazo la godoro."

Meneja akapiga. Alitembea na simu huku na huku, akainama, akanyooka, akarudi. "Amekubali. Ameomba tu jina lake libaki pale kwenye kona."

"Libaki. Hata mbinguni litakuwepo."

Sindano akakaa mbele ya maikrofoni. Picha ya baba yake, ile ya kwenye simu, iliwekwa kwenye skrini. Mhandisi alimwelekeza: mwisho waambie waseme *nimemwona*.

"Kwa nini neno moja?" Bi Kwanini aliuliza. "Si ndilo lililotufikisha hapa? Waache waseme wanavyosema watu. Lolote litakaloingia, tulisikie."

Mhandisi alisita, kisha akagusa vitu fulani kwenye kompyuta, na ule mlango uliokuwa unawarudisha watu kapuni ukafunguliwa. Meneja mwenyewe alizunguka ofisi akigawa hedifoni: kwa wachoraji, kwa mhasibu, kwa mama wa mapokezi, na moja kubwa akamvisha Sajini juu ya kofia.

Sindano alivuta pumzi. Hakuwa na karatasi. "Habari za mchana. Samahani kwa kuwakatizia filamu. Huyu kwenye picha ni baba yangu. Ametoka nyumbani jana, amevaa koti na tai. Anasahau, lakini ni mpole, hana neno na mtu. Kama umemwona, niambie popote ulipo, hapo hapo ulipokaa. Nakusikiliza."

Tangazo likaruka hewani, nyuma ya soko peke yake.

Kisha taa ndogo zikaanza kuwaka kwenye skrini ya Mhandisi, moja, nyingine, halafu kama mvua inavyoanza kwenye bati.

"Sijamwona, dada, lakini pole."

"Wee! Runinga inaongea na sisi! Njooni!"

"Jana alipita kwangu, akaniuliza kama waya wangu ni mzima. Nikamwambia ndiyo. Akasema hongera."

"Huyo mzee alinigongea mlango, mtu wa watu, akakataa hata maji, akasema yuko kazini."

"Nauliza, hapo kwenu kuna nafasi za kazi?"

Sajini alikuwa anachora njia kwenye ramani, nyumba ya huyu, mlango wa yule, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Mstari ulikuwa unakwenda kushoto, mbali na barabara kubwa, na ulikuwa unakwenda bila kukatika. Mama wa mapokezi alikuwa analia na kuandika kwa pamoja. Bi Kwanini alisimama nyuma yao wote, mikono mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu jana alijiruhusu kuegemea ukuta.

Mhandisi akainua mkono. Alihamishia sauti kwenye spika.

Kulikuwa na mngurumo wa mashine ya kukaushia nywele, wanawake wakiongea kwa pamoja, na juu ya vyote, ile sauti iliyonyooka.

"Nimekusikia vizuri sana, mwanangu. Usilie. Umesema nani amepotea?"

"Baba!" Sindano aliirukia spika.

"Haimfikii," Mhandisi alimwambia taratibu, akamshika bega. "Sisi tunamsikia, yeye hatusikii."

"Baba yako?" sauti iliendelea, kwa huruma. "Pole sana. Wazee wa siku hizi wanazurura mno. Akipita hapa nitamwambia nyumbani wanamtafuta."

Mashine ya nywele ikazimwa. Mwanamke akapiga ukelele. "Mzee! Mzee, si ni wewe huyo! Tai ni hiyo hiyo!"

"Mimi?"

"Wewe!"

"Huyu anafanana na mimi kweli," alikubali mzee.

Sindano hakuwepo tena kwenye kiti. Miguu yake ilikuwa inasikika kwenye ngazi, na ya Sajini nyuma yake, na funguo za gari. Bi Kwanini alibaki kidogo, ameinamia spika, maana mwanamke wa upande wa pili alikuwa ameisogelea runinga yake na sasa anaongea nayo mdomo kwa mdomo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Wewe tangazo, unanisikia? Niko saluni ya mlango wa kijani, nyuma ya pampu ya mafuta. Jana nilimpeleka kituo cha polisi cha huku, nikaambiwa nirudi na picha yake. Picha! Mtu mwenyewe nimemshika mkono! Basi amelala kwa mama yangu, amekula, hana shida, ila anasema ana vidonge, mje navyo. Na mfanye haraka, jamani. Tangu asubuhi anapokea simu zangu zote, na wateja wanakataa kuongea na mimi."